Analaiza inasoma oksijeni 9% na bana (kichomeo cha boila) inatoa moshi mweusi: usikimbilie sensa

Mkuu, umesema umenunua analaiza ya moshi (mashine ya kupima gesi za moshi) ya mtumba, umeiingiza kwenye dohani ya boila ya dizeli, inasoma oksijeni 9% huku moshi unatoka mweusi. Unauliza ubane hewa au ununue sensa (kihisi cha gesi) mpya. Hewa usiiguse, na hela ya sensa iache kwanza mfukoni. Kagua njia anayopita moshi, kuanzia ncha ya probu (bomba linaloingia dohani) hadi ndani ya mashine.

Yalinikuta mimi. Nilikuwa naseti bana ya boila ya londri kwenye hoteli moja ya ufukweni, Kunduchi. Analaiza ikasoma 9%, nikajisemea hewa imezidi, dizeli ya watu inaishia dohani. Nikabana dampa (kilango cha hewa ya bana) kidogo kidogo: 8, 7. Nilipofika 6, CO (monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu ya moto usioungua vizuri) ikaanza kupanda kwa mamia, na mama wa londri akaja mbio kwa sababu masizi yalikuwa yanatua kwenye mashuka yaliyoanikwa. Nikazima kila kitu. Nilipofungua mtego wa maji (kikombe cha analaiza kinachonasa maji ya moshi) kuumwaga, nikakuta oringi (pete ya mpira) ya kifuniko imekaa upande, chini yake umenasa uzi wa taulo.

Kumbuka pampu ya analaiza inavuta. Penye upenyo moshi hautoki nje, hewa ndiyo inaingia. Kama robo ya inachovuta ni hewa ya chumba, yenye oksijeni 20.9%, basi moshi wenye 5% halisi utausoma 9. Yaani bana ile ilikuwa sawa kabla sijaigusa! Na 6 niliyoisoma mwishoni ilikuwa 1 halisi. CO nayo inachanganywa na hewa hivyohivyo, kwa hiyo unaiona ndogo kuliko ilivyo.

Tangu siku hiyo kila kabla ya kazi naziba ncha ya probu, ikiwa ya baridi, kwa kizibo cha mpira. Pampu inatakiwa igugumie, au kioo kilalamike kwamba mtiririko ni mdogo. Ikiendelea kuimba kama kawaida, pana upenyo. Angalia oringi, viungo, na mpira wa kupitishia moshi pale unapokunjika karibu na mkono wa probu.

Jambo la pili, analaiza iwashie nje. Ikiwaka, mashine nyingi huichukua hewa iliyoikuta kuwa ndiyo safi na kujipanga kwa hiyo. Ukiwashia ndani ya chumba cha boila inayovuja CO, umeshaidanganya kabla hujaanza. Halafu angalia imechaguliwa mafuta gani. CO2 (kaboni dioksidi) kwa kawaida haipimwi, inapigiwa hesabu kutoka kwenye oksijeni, na kikomo chake kwa dizeli ni kama 15% wakati gesi asilia ni kama 12%. Ya mtumba yawezekana bado ipo kwenye gesi. Hilo halibadilishi oksijeni yako, ila CO2 na ufanisi utakaousoma vitakuwa uongo.

Na kwa moshi mweusi kama huo, anza na kipimo cha masizi cha karatasi kabla ya kuingiza probu, la sivyo filta itajaa siku hiyohiyo. CO ikikaribia mwisho wa uwezo wa sensa, chomoa mara moja. Sensa ikilewa CO huchukua muda kurudi, nyingine hazirudi kabisa.

Ukimaliza usizime papo hapo. Iache pampu ivute hewa ya nje mpaka oksijeni irudi 20.9 na CO sifuri, mwaga maji ya mtego, kausha. Maji yale yana asidi kwa sababu ya salfa ya dizeli. Ukiilaza mashine mtego ukiwa umejaa, yanaenda moja kwa moja kwenye pampu na sensa. Vijana wangu nimewachosha kwa hili.

Sasa, ukikuta hakuna upenyo na nje kwenye hewa safi bado inayumba, ndipo ulaumu sensa. Ya oksijeni, ile ya kawaida, huishi miaka 2 au 3 na huchakaa hata mashine ikiwa kabatini, kwa hiyo soma tarehe iliyoandikwa juu yake. Ikitulia vizuri kwenye 20.9, na dohani bado inasoma 9 na moshi mweusi, basi hewa ipo ila dizeli haipuliziki vizuri. Fungua nozeli (mdomo unaopulizia mafuta), kisha pima presha ya pampu ya mafuta.