Uliza Anko: Mbona stelingi kamwacha mkewe mlangoni?

Barua za safari hii karibu zote ni za Severance, ile sizoni ya Apple, msimu wa pili sehemu ya kumi. Kama hujafika huko ruka ukurasa huu, maana namwaga uhondo wote humu na sitaki lawama.

Anko shikamoo. Mimi na mke wangu hatuongei tangu Jumapili kisa hiyo sizoni. Mark kahangaika msimu mzima kumtafuta mkewe Gemma, mtu ambaye alijua kafa kwenye ajali ya gari, kampata, kamkokota mpaka mlango wa kutokea, imebaki hatua moja, halafu anageuka anakimbia na Helly wa ofisini!! Wife anasema Mark kafanya sawa. Nikamuuliza kwahiyo ungekuwa wewe Gemma? Kanyamaza, kaenda kulala. Nani yuko sahihi hapa?
*Baba J, Tabata*

Marahaba Baba J. Mkeo yuko sahihi, tena ukamwambie leo leo kabla hujahamia kwenye kochi moja kwa moja.

Unamhukumu mtu siye. Wale wafanyakazi wa Lumon, ile kampuni anayofanyia kazi Mark, si wamewekwa chipu kichwani, ukiingia kwenye lifti mambo ya nyumbani yanafutika, ukitoka ya kazini nayo yanafutika, kwahiyo mwili mmoja unabeba watu wawili, wa nje na wa ndani. Huyu wa ndani hana kwake. Jioni anaingia kwenye lifti, akifumbua macho tayari ni asubuhi na yuko kazini tena. Sasa aliyesimama pale mlangoni ni Mark wa ndani, na huyo hajaoa mtu! Gemma yeye anamjua kama Bi Casey, yule mshauri wa pale ofisini mwenye sauti ya kusinzisha. Mpenzi wake ni Helly basi. Na kuvuka ule mlango kwa upande wake ni kufa, maana Lumon ikianguka nani atamwamsha tena?

Halafu rudia ile sehemu ya mwanzo, Mark wa nje na wa ndani wakiwa kwenye kile kibanda wanarekodiana video, mmoja anaongea anatoka mlangoni, hapo anageuka kuwa mwenzake, naye anasikiliza anajibu. Mimi nimeirudia mara tatu. Mark wa nje anakuja na maneno matamu, samahani nyingi, eti tutaunganishwa tuwe mtu mmoja, mpaka anapomtaja mpenzi wa mwenzake akamwita "Heleny". Hapo ndipo alipoharibu kila kitu. Mtu anakuomba uhai wako na jina la unayempenda hajalishika! Yule wa ndani akapiga hesabu palepale, huyu ana miaka arobaini na kitu ya maisha, mimi nina viwili vitatu vya ofisini, tukichanganywa ni kijiko cha chumvi kwenye pipa la maji. Na bado kamtoa Gemma. Kazi aliyotumwa kaifanya, akakataa tu kujiua baada ya kuimaliza.

Ila kwa Gemma nakuunga mkono, yule dada kaonewa. Mafaili yote 25 aliyokuwa anachambua Mark kumbe kila moja lilikuwa linatengeneza Gemma mwingine, mmoja kazi yake kuwa kwa daktari wa meno tu, mwingine yuko kwenye ndege inayotikisika, na la mwisho, Cold Harbor, ni kumkalisha avunjevunje kitanda cha mtoto, yeye aliyepoteza ujauzito, waone kama atahisi chochote. Hahisi. Hiyo sini iliniuma kuliko yale makelele yake nyuma ya mlango, na nawalaumu waandishi kwamba baada ya kumtesa hivyo wamempa maneno machache mno. Kwahiyo mkeo akikwambia Gemma atajijua mwenyewe, hapo mbishie.

Anko, ni kweli walichukua miaka mitatu kuleta msimu wa pili? Mimi nimeanza juzi nikaangalia yote wiki moja.
*Binti wa Mikindani*

Wewe umekula wali uliopakuliwa, sisi tulikaa jikoni na moshi. Msimu wa kwanza uliisha tarehe 8 Aprili 2022, wa pili ukaanza 17 Januari 2025, na katikati hapo waandishi wa Hollywood waligoma Mei 2023, Julai waigizaji nao wakagoma mpaka Novemba, kamera zikalala. Na walituacha pabaya hao! Dylan, mfanyakazi mwenzao, kajinyoosha kashika swichi mbili za kuwaamsha wale wa ndani wakiwa nje ya ofisi, mikono inatetemeka, Mark wa ndani yuko kwenye nyumba ya dada yake ndo kwanza anajua kwamba Bi Casey na marehemu mke ni mtu mmoja, anapiga kelele kwamba yuko hai, giza. Mimi nasema ule mwisho wa kwanza ni mkali kuliko huu wa pili, wanaobisha waandike.

Na wale mbuzi? Mbona hamna anayewazungumzia?
*Mfugaji, Dodoma*

Nilijua utaandika tu. Msimu wa kwanza wote nilidhani ni wa mishkaki ya wakubwa. Kumbe wanafugwa humo ofisini wachinjwe na kuzikwa pamoja na mtu, roho ya mbuzi imwongoze marehemu njia. Huyu wa mwisho, anaitwa Emile, alikuwa aondoke na Gemma. Drummond, lile jitu la wakubwa wa Lumon, anamkabidhi mama mfugaji bastola ya kuchinjia, mama anamwangalia mbuzi wake, anamwangalia lile jitu, anaamua bora apigane na jitu. Mbuzi kapona. Drummond hakupona.