Kuchunguza hesabu za watu unaoswali nao

Vijana wanaosomea uhasibu hapa Malindi huniuliza sana habari za masomo: wafanye mitihani gani, wawe na cheti gani. Jibu lake ni fupi. Maliza mitihani ya uhasibu ya CPA inayotolewa na bodi ya KASNEB, jisajili ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya, kisha ukiweza ongeza cheti cha wachunguzi wa ulaghai cha ACFE, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1988 na ambacho vyeti vyake vinatambulika duniani. Swali ambalo hawaniulizi ndilo litakaloamua kama watadumu katika kazi hii ya kuchunguza wizi wa kwenye hesabu. Utachunguza vipi wizi katika mji ambao mshukiwa ni jirani yako, mkewe ni shoga wa mkeo, na watoto wenu wanakaa dawati moja?

Mchunguzi wa Nairobi huingia ofisi ya watu, akamaliza kazi yake, akarudi kwao. Hapa utakayemwandika kwenye ripoti Jumatano utasimama naye safu moja Ijumaa. Nilianza kazi hii kabla watoto wangu hawajazaliwa, na sasa wapo wenye watoto wao. Ninayoyaandika ndiyo yaliyonisaidia nikabaki na kazi, na ndoa, na salamu za watu.

Kabla ya kufungua faili, taja nasaba. Mwambie mteja, kwa maandishi, kwamba fulani aliyetajwa ni mume wa binti ya ami yangu, au kwamba nilisoma naye. Kama uhusiano ni wa karibu, ikatae kazi hiyo na umpendekeze mwenzako wa Mombasa. Mji wetu mdogo, na wakili wa mshtakiwa ataujua uhusiano huo kabla hujaapa kizimbani. Akiutoa yeye kwanza, ripoti yako nzima inaanguka hata kama kila tarakimu ni sahihi.

Halafu jifunze jinsi mji wako unavyopata riziki. Hili nitalirefusha kwa sababu ndilo ninaloliona limepungua kwa vijana wanaokuja na kompyuta nzuri. Hoteli moja ya ufuoni iliniita kwa sababu gharama za jikoni zilikuwa zikipanda na wageni hawaongezeki. Vocha zilikuwa kamili: hati ya kuagiza, stakabadhi ya kupokea mali, risiti, saini zote. Wakaguzi walikuwa wameshazipitisha, na kwa karatasi peke yake hapakuwa na la kuwalaumu. Mimi nikazipanga kwa miezi. Mei na Juni, kusi linavuma, mvua za masika hazijakatika na hoteli nyingi zimefunga, jiko lile lilikuwa linanunua nguru na kolekole kwa kilo zilezile na bei ileile ya Januari. Mtu yeyote anayenunua kitoweo sokoni kwetu anajua kwamba bahari ikichafuka vyombo vidogo havitoki, samaki huadimika na bei hupanda. Bei isiyotikisika mwaka mzima imeandikwa na mtu aliye mezani.

Kisha nikazipanga risiti za muuzaji yule kwa nambari zake. Zilifuatana bila pengo, moja baada ya nyingine, kwa miezi. Maana yake ni kwamba katika muda wote huo muuzaji hakumwandikia risiti mteja mwingine hata mmoja, naye ni mtu anayeuzia nusu ya mji. Wino ulikuwa mmoja, mwandiko mmoja, hata mkunjo wa tarakimu 7 haukubadilika. Kitabu chenyewe cha risiti kilipatikana hotelini, kwenye droo ya mfanyakazi ambaye kila mtu alimsifu kwa kutochukua likizo.

Huyo asiyechukua likizo mtazameni kwa makini, ila mtazameni kwa huruma pia. Donald Cressey, mwanasosholojia wa Marekani, aliwahoji wafungwa waliokuwa wameiba mali waliyoaminiwa, na mwaka 1953 akaeleza kwamba mambo matatu hukutana: shida ya fedha ambayo mtu hawezi kumweleza yeyote, nafasi ya kuitatua kwa siri, na maneno ya kujiridhisha kwamba anachofanya si wizi. Kwangu jambo la kwanza ndilo zito hapa pwani. Heshima ya mtu ni kubwa, na baba wa familia yuko radhi azame kuliko ndugu zake wajue kwamba harusi ya bintiye aliifanya kwa mkopo. Wengi niliowakuta walianza kwa kukopa kisandukuni wakinuia kurudisha. Ukilielewa hilo unajua pa kutafuta: mara nyingi kiasi cha kwanza ni kidogo, na tarehe yake iko karibu na msiba, ada au harusi.

Mbinu za tarakimu zipo na zinafaa. Kanuni inayoitwa ya Benford, baada ya Frank Benford aliyeichapisha mwaka 1938, inasema kwamba katika hesabu nyingi za kawaida tarakimu ya 1 hutangulia karibu mara 30 katika kila 100, na 9 haifiki mara 5. Ukikuta vocha nyingi zinaanza na 49 mahali ambapo meneja anaruhusiwa kuidhinisha mpaka shilingi 50,000, hapo pana la kuuliza. Lakini usimpeleke mtu mahakamani kwa Benford. Ada za shule, kodi za nyumba na malipo mengine ya kiasi maalumu haziifuati kanuni hiyo hata zikiwa halali kabisa. Tarakimu zinakuonyesha pa kuanzia kufungua vocha, basi.

Neno "mwizi" lisiwemo kwenye ripoti yako. Andika kilichopatikana, wapi, tarehe gani, na kwa mkono wa nani kilipita. Hukumu ni ya hakimu. Na mshukiwa msikilize kabla hujaandika, tena kwa adabu, awe na mtu wake akitaka. Nimewahi kumkuta dada mmoja, keshia, ameshasimamishwa kazi na jina lake limeshafika kila baraza. Alipopewa nafasi alifungua simu yake akatuonyesha ujumbe wa M-Pesa, mmoja baada ya mwingine: pesa zilizopotea zilikuwa zimetumwa kwa mwenye biashara mwenyewe, kwa amri yake, na yeye ndiye aliyesahau. Bila kumsikiliza, ningekuwa nimetia saini yangu kwenye dhuluma dhidi ya mama wa watoto.

Tangu M-Pesa ilipokuja mwaka 2007 kazi yetu imekuwa na nyayo za kufuata ambazo noti haziachi. Lakini picha ya skrini peke yake haitoshi. Chini ya Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, rekodi iliyotolewa kwenye kompyuta huambatana na cheti cha mtu anayehusika na chombo hicho, kinachoeleza ilivyotolewa. Nimeona kesi nzuri zikilegea kwa kukosa ukurasa huo mmoja. Hati asili nazo usizitie alama hata ya penseli. Fanyia kazi nakala, na andika kila asili ilipokelewa lini na kwa nani.

Nyumbani, majina hayaingii. Mke wangu hujua niko kazini na hujua nitachelewa, lakini hajui ni nani, na tulikubaliana hivyo mwanzoni kabisa. Nilimweleza kwamba siri ninayombebesha atalazimika kukaa nayo ukumbini harusini karibu na mke wa mtu huyo, na huo si mzigo wa kumpa mwenzio unayempenda. Watoto waliambiwa kwamba zawadi yoyote inayoletwa mlangoni baba hayupo hurudishwa, hata ikiwa kapu la maembe. Waliuliza sana, na ilibidi nikae nao niwaeleze. Na ishi ndani ya mapato yako, jamani. Mchunguzi mwenye deni dukani ana bei, na wanaomwogopa wataitafuta mpaka waipate. Ukitishwa, andika tarehe na maneno yenyewe, upige ripoti polisi siku hiyohiyo, na hilo moja mwambie mkeo, kwa kuwa linamhusu.

Kesi ikiisha, na iishe kwako. Aliyefungwa ana mama anayekwenda soko hilohilo unalokwenda wewe. Msalimie wewe kwanza, na akiwa na mkoba mzito mpokee. Na wakikuuliza barazani ripoti ilisemaje, waambie hukumu imesomwa hadharani na masjala ya mahakama ipo, anayetaka akaisome huko. Ripoti ni ya mteja aliyekupa kazi, si yako kuigawa.