Maswali ya wasomaji: Wamerekodi ilimba yangu, jina langu liko wapi?

Mwezi huu barua nyingi zimeangukia jambo moja, hizi projekti za kuunganisha wasanii wetu na wenzetu wa nje. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu iliniuma.

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi ni Mgogo wa Chamwino, napiga ilimba, ile ala yetu ya vyuma ya kugonga kwa vidole, tangu mdogo, baba yangu ndo alinifundisha. Mwaka juzi walikuja vijana watatu wa Ulaya na mwenyeji wao wa kutoka Dar, wakasema wana mradi wa kubadilishana utamaduni. Walikaa kwetu siku nne, tukarekodi nje na usiku tukahamia ndani kwa sababu ya upepo. Kila mtu alipewa elfu hamsini, tukala pamoja, siku ya kuondoka mmoja wao alilia kabisa. Sasa juzi mtoto wa dada yangu anayesoma Dodoma mjini kaniletea simu akaniambia mjomba sikiliza, kumbe ni ilimba yangu na sauti yangu wameitilia biti ya kompyuta. Wimbo wameupa jina la kizungu, msanii ni yule kijana, na sisi tumeandikwa "waimbaji wa Kigogo" basi. Watu saba hakuna jina hata moja. Hatukusaini kitu chochote. Nifanyeje?
*Mpiga ilimba, Chamwino*

JIBU: Kaka yangu pole sana. Una haki ya kuumia, na wala usikubali mtu akwambie ushukuru kwamba umesikika Ulaya, manake aliyesikika ni nani kama jina halipo?

Nianze na hapo uliposema hamkusaini kitu, naona umeandika kama vile mmeshapoteza. Hapana. Kutosaini maana yake hamjauza. Ile elfu hamsini ni ya siku mlizokaa nao, hakuna karatasi inayosema mmeuza sauti zenu, na wao pia hawana karatasi ya kuonyesha mliwaruhusu waitoe kibiashara. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtumbuizaji haki juu ya alichotumbuiza kikarekodiwa. Na hizi kampuni zinazopandisha nyimbo mtandaoni zinamtaka anayeleta wimbo athibitishe kwamba haki zote anazo, sasa huyo kijana alithibitisha nini? Kwa hiyo mwenye wasiwasi hapa asiwe wewe.

Watakwambia huo ni wimbo wa asili, hauna mwenyewe. Hili nimelisikia mpaka nimelichoka. Sawa, maneno yanaweza kuwa ya mababu, lakini kidole kilichogonga kile chuma siku ile ni chako, sauti ni yako, na namna mlivyopanga nani aanze na nani aitikie ni kazi yenu nyinyi saba. Babu hakuwepo kwenye ile rekodi.

Sasa kazi. Mwambie huyo mpwa wako apige picha za skrini zionyeshe jina la wimbo, jina la msanii, tarehe ulipotoka na pale palipoandikwa waliohusika, afanye leo kabla hawajabadilisha. Halafu kaeni wote saba mchukue daftari muandike mnachokumbuka, zilikuwa tarehe ngapi, nani alipiga nini, beti hii kaimba nani, hela alikabidhi nani. Tafuteni na picha, manake wageni wa siku nne hawaondoki bila picha, na yule mwenyeji wa Dar naye mtafuteni ni shahidi huyo. Baada ya hapo waandikieni wale vijana imeili moja ya upole. Nasema upole kwa sababu kwa niliyoyaona miaka yote hii wengi wao siyo wezi, wamekuja na lile wazo kwamba ngoma ya kijijini ni kama maji ya mto kila mtu achote, na ukimwonyesha anashtuka anarekebisha. Ombeni vitu vinavyoshikika: majina yote saba yaandikwe, jina la wimbo lirudishwe la Kigogo, mgawanyo wa mapato uandikwe kwa asilimia, na hesabu mletewe kila miezi sita. Msiombe "msaada". Mkiandika neno msaada mmeshajigeuza wapokeaji, na nyie ni washirika.

Huku mkisubiri jibu nendeni COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, mjisajili na kazi zenu, na mkaeleze hili jambo. Wale vijana wakikaa kimya, hapo sasa malalamiko yanaenda kwenye ile kampuni iliyoupandisha wimbo, pamoja na ushahidi wenu wote.

Na mtu asikutishe kwamba kuandika majina ni jambo geni. Hukwe Zawose, Mgogo mwenzako, ilimba yake na zeze lake vilifika mpaka lebo ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel kule Uingereza, na alipofanya albamu na Michael Brook wa Kanada jina la Zawose likawa pale juu kwenye kava pamoja na la mwenzake. Ali Farka Touré wa Mali alikaa na mpiga gitaa Mmarekani Ry Cooder, albamu ikatoka 1994 ina majina yao wote wawili na wakachukua Grammy. Ndivyo watu wanaoheshimiana wanavyofanya kazi. Upande wa pili yupo Solomon Linda wa Afrika Kusini, alirekodi "Mbube" mwaka 1939, haki akaziachia kampuni kwa shilingi 10, wimbo ukazunguka dunia nzima kwa majina ya watu wengine, yeye akafa maskini mwaka 1962, na mabinti zake walikuja kupata makubaliano mwaka 2006 baada ya kesi. 2006! Mtu ameshalala kaburini miaka 44.

Mimi mwenyewe hili lilinipata. Bendi niliyokuwa naisimamia ilirekodi na kundi moja la nje, tulikuwa na furaha tukaona kuleta habari za karatasi ni kuharibu urafiki, mpaka leo wimbo unapigwa na wapiga ngoma wangu hawajaona senti. Tangu siku hiyo siruhusu mtu atoke studio kabla hatujaandikiana na kusaini.

Nikwambie nilichokiona Unguja baadaye, ili safari ijayo mfanye hivyo. Mpiga kanuni (ile ala ya nyuzi) wa taarabu na vijana wa nje wapiga saksafoni na besi, wamemaliza kurekodi, chai imeletwa. Mzee akachomoa daftari la shule la mjukuu wake akalilaza juu ya spika, akachora mistari mitatu kwa kalamu ya bluu, jina, kafanya nini, asilimia ngapi. Wakabishana karibu saa nzima juu ya kijana wa fidla aliyechelewa siku ya kwanza, mmoja anasema apewe tano, mzee anasema ile sehemu ya katikati bila fidla yake imekufa, mwisho wakaandika kumi. Wakasaini wote, kila mtu akapiga picha ule ukurasa kwa simu yake na ikatumwa kwenye grupu la WhatsApp hapo hapo. Halafu wakarudi ndani kurudia wimbo wa mwisho, na ile rekodi ya pili ndiyo iliyoingia kwenye albamu, ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza, manake kila mtu alikuwa anapiga kitu chake.

Nitumie ujumbe ukipata jibu kaka, nataka kujua.

SWALI: Shikamoo mama. Sisi ni madansa watano wa Mombasa, tumealikwa Ujerumani wiki tatu mwezi wa tisa kufanya kazi na kundi la dansi la huko, mwisho kuna shoo mbili. Barua ya mwaliko imefika, inasema watalipa tikiti, nyumba na "per diem". Hatujawahi kutoka nje ya Afrika Mashariki. Viza tuanze lini, na kuna kitu tunafaa kuangalia? Pia tunataka kubeba ngoma zetu, moja imewambwa ngozi ya kenge.
*Dansa, Mombasa*

JIBU: Marahaba mwanangu na hongereni sana!

Viza anzeni sasa hivi. Maombi ya viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi za Ulaya ikiwemo Ujerumani, yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla, lakini hizo siku 15 usizitegemee, mwezi wa saba na wa nane watu ni wengi na nafasi ya miadi Nairobi inaweza isipatikane. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na ukinyimwa hairudi, kwa hiyo waulizeni wenyeji wenu kama ada na nauli ya Nairobi wanalipa wao. Wanatakiwa walipe, kwa maoni yangu. Paspoti iwe na uhai wa miezi mitatu zaidi baada ya tarehe ya kutoka huko, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000.

Wasanii wengi wananyimwa kwenye jambo moja, ile fomu ya kukataliwa inakuja na alama kwenye kile kisanduku kinachosema hawakuridhika kwamba utarudi nyumbani. Dansa hana barua ya mwajiri, hana mshahara wa kila mwezi kwenye stetimenti ya benki, afisa anaona hela inaingia leo inatoka kesho. Basi mpeni vitu vingine vya kushika, mabango ya shoo zenu zilizopita, mkataba wa hoteli mnayotumbuiza kila Ijumaa kama mnao, barua ya shule mnayofundisha watoto, na muhimu kabisa tarehe ya shoo ya hapo Mombasa mtakayofanya baada ya kurudi. Wenyeji wenu nao waandike barua ya pili yenye ratiba ya siku kwa siku, nani analipa nini, na jina la kila mmoja wenu kama lilivyo kwenye paspoti. Jina likipishana herufi moja tu linasumbua.

Viza imewahi kubadilisha historia ya muziki, sitii chumvi. Mwaka 1996 Havana kulipangwa kurekodiwa wapiga gitaa na ngoni (ala ya nyuzi ya huko) wa Mali pamoja na wazee wa Kuba. Wamali safari yao ikakwama kwenye mambo ya viza, studio imeshalipiwa, ikabidi warekodi wazee wa Kuba bila Wamali, na hiyo ndiyo ikawa Buena Vista Social Club iliyouza mamilioni ya nakala. Wamali waliotakiwa kuwepo, Djelimady Tounkara na Bassekou Kouyate, albamu yao na Wakuba ilikuja kutoka 2010, inaitwa AfroCubism. Miaka 14 baadaye! Kila nikiisikiliza nawaza vile vikao vya 1996 vingekuwaje.

Sasa hiyo per diem. Hiyo ni posho ya siku, ya kula na basi, siyo malipo ya kazi. Nimeona vikundi vinarudi vimekonda kwa sababu walikuwa wanajinyima chakula ili posho igeuke mshahara wa kupeleka nyumbani. Waandikieni leo muulize kwa lugha nyepesi tu: ujira wa mazoezi ya wiki tatu ni kiasi gani, wa zile shoo mbili ni kiasi gani, unalipwa lini, na madansa wa huko wanalipwa ngapi. Hilo la mwisho msilione aibu kuliuliza, jasho la jukwaa moja lina bei moja. Ulizeni pia kama kuna kodi itakatwa huko, manake kiasi mnachoahidiwa na kinachofika mkononi vinaweza kupishana. Na zile hatua mtakazotunga pamoja andikeni ni za nani, ili mwakani mkizicheza Mombasa au wao wakizicheza Berlin kusiwe na ugomvi.

Ngoma ya kenge iacheni nyumbani. Kenge yuko kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na bila vibali, ambavyo kwenu vinapitia KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), forodha ya Ulaya inaweza kuichukua na hamtaiona tena. Na hata ngozi ya mbuzi isiyotengenezwa kiwandani inaweza kuleta maneno uwanja wa ndege. Waambieni wenyeji wawatafutie ngoma huko huko, watumieni video ya mlio mnaoutaka. Roho inauma kuiacha, najua, lakini kuipoteza inauma zaidi.

(Wasomaji wa Tanzania: nyie kabla ya kusafiri kikazi kumbukeni kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, msisubiri wiki ya mwisho.)

SWALI: Dada mambo. Mimi mchoraji niko Dar, nimepata imeili inasema nimechaguliwa kwenye residensi (msanii anakwenda kukaa na kufanya kazi huko) ya wiki mbili Ulaya lakini natakiwa kutuma euro 650 "ada ya ushiriki" ndani ya siku tano. Sikumbuki kuomba. Nitume?
*Mchoraji, Dar es Salaam*

JIBU: Usitume mdogo wangu.

Hujaomba, umechaguliwaje? Na siku tano ni za kukufanya usifikirie. Zipo residensi za kweli zinazotoza hela ya chumba, ila hizo zinaandika wazi tangu kwenye tangazo na zinakupa muda wa kutafuta mfadhili. Wajibu kwa kuwaomba majina ya wasanii wawili wa mwaka jana, uwatafute mwenyewe uongee nao. Kama ni watu wa kweli watakupa siku hiyo hiyo.

Halafu nenda Nafasi Art Space pale Mikocheni, wapo tangu 2008 na wasanii wa nje wanakuja kufanya kazi pale pale, utakaa na mtu wa kutoka mbali bila hata kupanda ndege na utawakuta wenzako walioshaenda na kurudi, watakwambia nani ni nani. Beba kazi zako tatu nne za karibuni, siyo picha za kwenye simu, beba turubai zenyewe.