Mfuko uliosahauliwa kitini: maswali yenu kuhusu Flask

Safari hii maswali kuhusu Flask, zana ya Python ya kutengeneza tovuti, yamegusana. Karibu yote yanahusu taarifa za ombi moja (request, yaani kivinjari kinapoitaka seva ukurasa) kukutwa kwenye ombi jingine, au kutoonekana kabisa.

Fundi, `request` naiingiza mara moja juu ya faili kisha naitumia popote. Watu mia wakija kwa mpigo, inajuaje ni ombi la nani?

Hiyo `request` si ombi lenyewe, ni wakala (proxy) anayelielekea ombi la kweli. Kila unapoigusa, tuseme `request.form["simu"]`, huuliza kwanza: ombi linaloshughulikiwa hapa ni lipi? Zamani jibu lilitafutwa kwa uzi (thread, njia moja ya kazi ndani ya programu). Siku hizi ni kwa `contextvars`, hifadhi ya Python inayotenganisha thamani za kila kazi, iliyokuja na Python 3.7 mwaka 2018, kwa sababu kwenye msimbo wa `async` (kazi zinazopishana zikisubiriana) uzi mmoja hubeba maombi mengi yanayopokezana.

Nimejitengenezea `threading.local()`, hifadhi ambayo kila uzi una yake, ya kuweka mteja aliyeingia kwenye akaunti yake. Kwenye laptopu haina shida. Kwenye seva, mgeni ambaye hata hajaingia anaona jina la mtu mwingine. Nimerogwa?

Hujarogwa. Nami hilo liliwahi kunikesha. Nakisia umeandika hivi, `hali` ikiwa ndiyo hiyo `threading.local()` yako na tokeni ikiwa alama ya kumtambua aliyeingia:

    if tokeni:
        hali.mteja = tafuta(tokeni)

Asiye na tokeni je? Hakuna mstari unaomfuta aliyetangulia. Uzi ni kama kiti cha daladala: abiria ameshuka, mfuko wake umebaki, anayekaa baada yake anaukuta. Laptopu ilikuficha kwa sababu seva ya majaribio ya Flask huanzisha uzi mpya kwa kila ombi, yaani kila abiria na kiti kipya. Waitress, seva ya kuendeshea tovuti halisi, usipoibadilisha huzungusha nyuzi 4 zilezile.

Mhamishie mteja kwenye `g`, hifadhi ya muda ya Flask yenyewe. Flask huifungua upya kwa kila ombi na kuitupa mwishoni. Wala usidhani `contextvars` peke yake itakuokoa: ukiweka kitu humo mwenyewe bila kukiondoa kwa `reset`, kwenye nyuzi hizo kitabaki vilevile. Kuhakikisha, washa Waitress kwa `threads=1`, ingia, kisha fungua ukurasa huohuo kwenye dirisha la faragha. Kama jina lako lipo, mfuko bado uko kitini.

Basi `g` itanibebea kikapu cha mteja hadi ukurasa wa pili?

Hapana. Hiyo ni kazi ya `session`, inayomkumbuka mtu kutoka ombi hadi ombi, au hifadhidata.

Nikituma barua pepe kwa uzi wa pembeni napata "Working outside of request context". Nifanyeje?

Uzi ulioanzisha mwenyewe hauna ombi. Ipo `copy_current_request_context`, inayonakili ombi zima kwa ajili ya uzi huo, ila kwa kazi hii siipendi: barua haihitaji ombi zima, inahitaji anwani na namba ya risiti. Vichukue kabla ya kuondoka:

    anwani = request.form["barua"]
    Thread(target=tuma, args=(anwani, risiti)).start()

Ukipitisha `request` yenyewe umemtuma wakala tu, na huko aendako hana wa kumuuliza.