Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, hesabu siku za kukaa bure

Juzi kijana mmoja wa Manyoni, fundi umeme kama mimi, alinitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Nimechoka kutumwa. Nataka niache kazi nichukue kazi zangu mwenyewe. Nianzie wapi?" Ujumbe ulinikuta Nzuguni, ndiyo kwanza nimemaliziwa malipo ya loji ya vyumba 18, kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kufanya kwa jina langu. Nilianza kumjibu kwenye simu, jibu likawa refu. Nimeona niliandike hapa, maana najua hayuko peke yake.

Mimi niliacha kazi mwishoni mwa 2022, baada ya miaka sita kwenye kampuni moja ya ujenzi hapa Dodoma. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia huku 2016, mji haujalala. Mtumba, kwenye mji wa Serikali, kumeota wizara, na Ilazo, Kisasa, Iyumbu na Nkuhungu kila kiwanja kina tofali. Kila nyumba inataka nyaya. Nilikuwa naona mteja anavyotozwa, halafu naona ninachopata mimi: mshahara 900,000, ukitoa NSSF (akiba ya uzeeni) na PAYE (kodi ya mshahara) nabaki na 729,500 mkononi. Mikono iliyofanya kazi ni yangu, jina linalosifiwa ni la mwingine. Iliniuma sana.

Nilipopeleka barua, msimamizi wangu aliisoma, akaikunja, akasema, "Utarudi hapa kabla ya Pasaka." Hakunitakia hata heri. Maneno yale ninayo mpaka leo. Nikatumikia notisi ya siku 28, nikaenda kuulizia kiinua mgongo cha miaka sita, nikaambiwa hakuna. Na kisheria walikuwa sahihi: yale malipo ya mshahara wa siku saba kwa kila mwaka ni ya anayeachishwa na mwajiri, si ya anayeondoka mwenyewe. Nilikuwa nimeshaipangia ile hela. Mdogo wangu, usipange hela ambayo hujasoma sheria yake.

Mwaka wa kwanza nilijitoza 40,000 kwa siku. Nikigawa mshahara wangu wa zamani kwa siku 26 napata kama 28,000, kwa hiyo nikajiona nimepanda. Disemba 2023 nikakaa na daftari, mke wangu ananisomea, mimi napiga kikokotoo. Siku nilizolipwa zilikuwa 131. Zilizobaki nilikuwa nazunguka: kuangalia saiti, kuandika kotesheni ambazo hazikujibiwa, kusubiri mwenye nyumba anunue kondiuti (mabomba ya kupitishia nyaya), kufuatilia hela yangu mwenyewe. 131 mara 40,000 ni 5,240,000. Mshahara ungenipa 8,754,000. Na bado hapo sijaweka NSSF, ambako kwa jina langu ilikuwa inaingia 180,000 kila mwezi, nusu yangu na nusu ya mwajiri. Ukijumlisha yote, nilitakiwa kutoza zaidi ya 83,000 kwa siku ili nisimame palepale nilipokuwa nimesimama nikiwa nimeajiriwa. Mke wangu alifunga daftari, hakusema kitu. Nilitamani angesema.

Pale ndipo nilipouelewa mshahara. Ulikuwa unanilipa hata siku gari la vifaa limekwama na sisi tumekaa kwenye kivuli cha mbuyu. Ukitoka, siku hizo zinakuwa zako, na lazima bei yako izibebe. Usione aibu kutaja bei hiyo.

Pigo la pili lilikuwa Ihumwa, 2024. Mkandarasi mmoja alinipa kazi ya ufundi ya 6,400,000. Kianzio, yaani malipo ya awali, hakunipa; aliniahidi kwa mdomo tu, "tukimaliza tunafunga hesabu." Nikaanza bila karatasi wala shilingi, kwa sababu alinisalimia vizuri na gari lake lilikuwa zuri. Nilimaliza Agosti. Hadi leo nimepokea milioni 2. Nikipiga simu, mwenye jengo hajamlipa. Nikienda ofisini, ametoka. Vijana wangu wawili niliwalipa kwa kuuza pikipiki. Sikutaka watoto wa watu wanidai jasho lao kama mimi ninavyodai langu. Chukua kianzio. Hata akiwa mjomba wako, chukua kianzio, na mwandikishiane.

Loji ya Nzuguni nilichukua asilimia 50 kabla sijatoboa ukuta. Mwenyewe alinuna kidogo, akalipa. Kazi yenyewe ilinipima kwenye ethi, yaani kuupeleka umeme wa hitilafu ardhini usimpige mtu. Ilikuwa Oktoba, mnajua ardhi ya Dodoma ikifika Oktoba: kavu mpaka chini, na umeme wa hitilafu hauna pa kupita kwenye udongo usio na unyevu. Nimegongelea fimbo ya kwanza, kipimo kinasoma omu 46 (omu hupima ardhi inavyouzuia umeme, ikiwa ndogo ndiyo nzuri). Mhandisi wa mwenye loji anataka chini ya 10. Nikaongeza fimbo ya pili na ya tatu, nikaziachanisha, nikaziunga kwa waya wa shaba. Tukachimba kuzizunguka, tukashindilia mkaa na chumvi, tukamwagia maji jioni na asubuhi. Siku ya tatu kipimo kikasoma 6. Nilikuwa nimechuchumaa pale vumbi mpaka kwenye kope, nikakaa chini kabisa. Siku zile tatu zilikuwemo kwenye bei. Mwaka wa kwanza ningezifanya bure, au ningekimbia.

Mengine ni ya kawaida ila usiyaruke. Leseni ya ufundi umeme ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, iwe ya kwako, la sivyo kila nyumba utamwomba mwenye leseni akusainie ili mteja aunganishiwe na TANESCO, na atakukata. Chukua TIN, namba ya mlipakodi. Kampuni ikikulipa ufundi itazuia asilimia 5 ya kodi. Dai cheti chake, maana hiyo ni kodi uliyokwishalipa. NSSF endelea kuchangia kwa hiari, hata kidogo. Uzee hauulizi kama uliajiriwa au ulijiajiri. Na vijana mnaopenda kuitwa mabosi, waheshimuni mnaowapa kazi, walipeni Jumamosi ileile, Mungu anaona.

Na kianzio, nimeshasema.

Mdogo wangu wa Manyoni, barua usiipeleke bado. Chukua daftari, kwa miezi mitatu andika kazi za pembeni unazofanya Jumapili: siku ulizolipwa, siku ulizozunguka, na nani bado anakudai subira. Nitumie hizo namba. Kesho nipo saiti Chamwino, jioni nitakuwa na simu mkononi.