Miaka minne nilibeba mitungi nisiyoijua

Wiki iliyopita kijana mmoja wa hapa hapa Nungwi kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nina miaka mitatu kwenye boti za wazamiaji, vifaa vyote navijua. Nifanyeje nipate cheti cha divimasta, kiongozi wa wazamiaji, upesi, msimu wa wageni usinipite?"

Marahaba mdogo wangu. Ujumbe wako nimeusoma mara nne. "Vifaa vyote navijua." Na mie niliwahi kusema hivyo, na nusura mtu afe mikononi mwangu.

Nilianza kama wewe. Asubuhi unatoa mitungi ya hewa kwenye kompresa, mashine ya kuijazia, unaipanga kwenye boti, jioni unaosha regulita, vile vifaa vya kupumulia, na kuzianika kivulini. Nilikuwa hodari: mtungi mmoja ukijaa unapita kilo 15, nami nilichukua miwili kwa mpigo, maji ya kiunoni, bila kupumzika. Mwaka wa nne bosi akaanza kuniteremsha na wageni. Cheti sina. Kiwango cha kimataifa, ISO 24801, kina ngazi 3: anayezamia chini ya uangalizi, anayejitegemea, na kiongozi. Nilifanya kazi ya ngazi ya tatu bila kuwa na hata ya kwanza, na mtaani nilitembea kifua mbele.

Siku hiyo tuko kisiwa cha Mnemba, kaskazi imetulia, maji meupe. Mgeni wangu mama mmoja wa Kijerumani. Enzi hizo tuliambiwa koki ya mtungi ifunguliwe yote, halafu irudishwe nusu mzunguko. Mwenzangu alikuwa keshaifungua. Nami nikapita mbio mbio "kuhakikisha": nikaizungusha mpaka ikagota, nikairudisha nusu. Kumbe nimezungusha upande siko. Nimeifunga, kisha nimeifungua kidogo tu. Pale kwenye boti akavuta pumzi mbili, sawa. Geji, kipimo cha presha ya hewa, inasoma baa 200, mtungi umejaa. Tukazama.

Mita 20 chini, presha ni mara 3 ya ile ya juu, na kila pumzi hula hewa mara 3. Koki ile haikuweza kuipitisha. Nikaona macho yamemtoka nyuma ya miwani, kiganja kinakata shingoni: hana hewa. Nikashika geji yake. Akivuta, sindano inaanguka karibu na sifuri. Akiacha, inapanda tena. Ubavuni nilikuwa na regulita ya akiba, ile ya njano, iliyowekwa kwa saa kama ile. Mikono haikwenda. Nilibaki kuikodolea macho geji. Mwalimu wetu ndiye aliyefika, akampa regulita yake, akapeleka mkono nyuma ya kichwa cha yule mama, akazungusha koki. Basi, kwisha.

Tulipopanda hakunifokea. Alisema mbele ya wageni na nahodha: "Wewe bado mchukuzi." Miaka tisa imepita na neno lile bado linanichoma. Kuhusu koki alisema kweli. Kunidhalilisha mbele za watu, hapana, sijamsamehe sawasawa.

Nikaanza upya, kozi ya kwanza kabisa. Ya darasani sisimulii. Kilichonigeuza ni zoezi moja la divimasta: watu wawili chini ya maji mnabadilishana vifaa, jaketi na mtungi wake, miwani, mapezi, na muda wote mnapumua kwa regulita moja, mnapokezana. Mara ya kwanza nilichomoka juu nakohoa chumvi. Mara ya sita nilimaliza, na mwalimu akanipa mkono. Leo nafundisha mwenyewe, na wapo waliopita kwangu wanaoongoza wageni Pemba na Mafia.

Kwa hiyo mdogo wangu, upesi wa nini? PADI, shirika linalotoa vyeti vya uzamiaji, wanataka uwe na miaka 18, uzamie mara 40 ndipo uanze kozi ya divimasta, na 60 ndipo upewe cheti. Usijaze daftari kwa mizamo ya uongo, nawajua waliojaza. Koki fungua yote, iache hapo. Kisha vuta pumzi nne kwenye regulita huku macho yako yako kwenye geji. Sindano ikicheza, hakuna kushuka. Ya mgeni nayo hivyo hivyo, hata kama mwenzako keshaikagua, hata kama nahodha anapiga kelele kwamba mnachelewa. Pumzi nne, macho kwenye geji. Yule mgeni ni mzazi wa mtu, na amekukabidhi roho yake kwa sababu umevaa fulana iliyoandikwa jina la kampuni. Mungu atakuuliza juu yake kabla bosi hajakuuliza.

Jumamosi saa moja asubuhi niko ufukweni. Njoo na regulita. Nataka nikuone ukiifunga kwenye mtungi umefumba macho, halafu uniambie kila bomba lake la mpira linakwenda wapi.