Kabla ya kupangisha, amua nani analipia umeme wa pampu

Watu wa Unguja wakizungumza nyumba ya kupangisha, huanzia kwenye kodi na kumalizia kwenye kodi. Chumba Mwanakwerekwe bei gani, Fuoni bei gani, dalali anachukua kiasi gani. Mimi nasimamia nyumba ya familia tangu baba alipofariki: vyumba vinavyotazamana, korido katikati, choo na bafu uani, na fremu mbili mbele barabarani. Wapangaji wangu hawagombani na mimi kwa ajili ya kodi kama wanavyogombana wao kwa wao kwa ajili ya umeme na maji. Na wakigombana, anayehama ni yule mstaarabu. Anakubakia mkorofi, na chumba kitupu cha kutafutia mtu.

Nianze na umeme. Nyumba nyingi za zamani zina mita moja ya TUKUZA, ile ya kununua umeme kabla ya kuutumia, na wapangaji huchangishana. Sasa, mmoja ana friza anagandisha barafu na juisi ya ukwaju za kuuza, mwengine ana taa moja na chaji ya simu. Wakichanga sawasawa, wa taa moja anamlipia mwenzake biashara. Wakikubaliana kila mtu achangie kwa vyombo vyake, wataanza kuchunguliana madirishani: nani kapiga pasi, nani kanunua birika la umeme. Halafu yuniti zinakatika magharibi ya Ramadhani, watu wako kwenye futari, na hakuna anayenunua kwa sababu kila mmoja anasema zamu si yake. Wewe mwenye nyumba ndiye unayepigiwa simu, na tende bado iko mkononi.

Dawa ni kila chumba kiwe na mita yake. Ukiweza, omba mita zinazojitegemea ZECO, Shirika la Umeme la Zanzibar. Ukiona gharama inakushinda kwa sasa, fundi umeme mwenye leseni atakufungia mita ndogo za ndani, moja kila chumba, na kila mwisho wa mwezi unazisoma mbele ya wenyewe. Soma mbele yao, tena wao wenyewe waandike tarakimu. Ukisoma peke yako, mwezi wa pili utaambiwa umezidisha.

Pampu ndiyo inayosahaulika. Mitaa mingi maji ya ZAWA, Mamlaka ya Maji Zanzibar, hayaji saa zote, na yakija mara nyingi ni usiku, hayana nguvu ya kupanda kwenye tangi la juu. Kwa hiyo unaweka tangi la chini na pampu. Fundi naye, ili kazi iishe haraka, anaunga pampu kwenye waya wa chumba kilicho karibu. Kuanzia siku hiyo mpangaji wa chumba hicho ndiye mwenye maji. Anazima anapotaka na anawasha anapotaka, na akikosana na jirani, swichi inatiwa kufuli. Huwezi kumlaumu sana, maana kweli yuniti ni zake. Pampu iwe na laini yake na mita yake, ulipe wewe, na gharama uiingize kwenye kodi. Mimi huwaambia waziwazi: kodi hii ndani yake mna maji. Mwenye fremu ya kinyozi na mama lishe nawatoza zaidi kidogo, na wanajua kwa nini.

Karo nalo, yaani shimo la maji machafu ya choo. Ardhi yetu sehemu nyingi ni jiwe la matumbawe, kuchimba ni kazi ya mtaimbo na nyundo, kwa hiyo watu huchimba dogo na kusema litatosha. Litatosha kwa baba, mama na watoto. Ukiweka familia sita halitoshi, na masika yakiingia mwezi wa Machi maji ya mvua yanalijaza na uchafu unapanda juu. Gari la kunyonya liite Februari, pua zikiwa bado salama. Na kama kuna kisima uani, waambie wapangaji kuwa ni cha kufulia na kuoshea tu. Jiwe hilo lina matundu na nyufa, ya karo yanafika kisimani bila ya kuchujwa, na kipindupindu visiwani humu si mgeni.

Juu ya paa sisemi mengi: tengeneza kiangazi. Ila ukijenga chumba cha nyongeza, uliza mchanga umetoka wapi. Mchanga halali una bei, kwa hiyo wapo wanaochanganya wa pwani. Chumvi yake inakula nondo ndani ya zege, na baada ya miaka plasta ya dari inaanza kudondoka juu ya kitanda cha mpangaji.

Sasa muhali, yaani kuona haya kumkatalia mtu. Hili ndilo linalotumaliza sisi, maana mjini hapa kila mtu ni jamaa ya mtu. Mtoto wa kaka yako kaoa, anataka chumba. Utamkatalia vipi? Mwezi wa kwanza atalipa. Wa pili atakuja na mkewe, wamebeba sahani ya biriani: "Shangazi, mwezi huu kidogo umetubana." Utasema nini na biriani umeshaipokea?

Utaratibu wangu ni huu. Jamaa nampunguzia bei tangu siku ya kwanza, na bei hiyo tunaiandika. Kama chumba ni 80,000, akilipa 50,000 kila mwezi bila ya kukumbushwa, ni bora kuliko 80,000 ya kuvizia mlangoni. Mkataba ni ule ule wa wageni, anatia saini, na shahidi anakuwepo. Akija na shida yake simkatalii, namfungulia daftari: "Sawa mwanangu, andika hapa unadaiwa mwezi gani na utalipa lini." Kalamu anashika yeye. Wengi wakishaona mwandiko wao wenyewe, wanalipa kabla ya tarehe.

Kama nyumba ni ya mirathi, daftari hilo linakuhusu zaidi. Mgawo wa kodi hauna ugumu, sheria ya Kiislamu iko wazi: baba akiacha mjane na watoto tu, mama mjane thumni yake, yaani moja ya nane, kinachobaki mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana na Mahkama ya Kadhi zipo kwa wanaoshindwa kuafikiana. Ugomvi unatoka kwenye matengenezo. Ndugu aliyeko Maskati anasubiri fungu lake kila mwezi, haoni bati lililooza. Aliyeko hapa analiona, na anaambiwa anakula pesa za watu.

Toeni pesa ya matengenezo kwanza, kabla ya kugawana. Tuseme vyumba sita kwa 80,000 ni 480,000 kwa mwezi. Usihesabu miezi kumi na mbili, hesabu kumi, kwa sababu chumba kitakaa kitupu na mtu atachelewa. Hiyo ni 4,800,000 kwa mwaka. Moja ya tano, 960,000, iwekwe kando kwa ajili ya paa, pampu na karo. Anayesimamia naye apangiwe ujira wake mbele ya wote, hata uwe mdogo, maana kufuatana na mafundi ni kazi. Risiti zote napiga picha natia kwenye grupu la familia, hata ya msumari.

Na anayetaka kununua kiwanja ajenge vya kupangisha: ardhi ya Zanzibar ilifanywa mali ya Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, unachonunua ni haki ya matumizi, na inaongozwa na Sheria ya Umiliki wa Ardhi namba 12 ya 1992. Barua ya sheha, kiongozi wa shehia, ni ushahidi mzuri kwamba muuzaji anajulikana mtaani, lakini si hati. Tena miti inaweza kuwa na mwenyewe mwengine kabisa. Zunguka kiwanja na majirani wazee, uliza mnazi mmoja mmoja ni wa nani, na fidia yake iandikwe kwenye makubaliano kabla hujatoa arbuni.